Dipanda itaisha lini?

Ulizo hili lilizaliwa mapema sana kisha 30 juni 1960, na mpaka leo halijakufa. Wazee waliuliza kwa kucheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa na uchungu: "Hii dipanda itaisha lini?" Sasa hapa Lubumbashi tunalisikia kwa vijana wa miaka 20, ambao hawakumuona Mubeleji hata mumoja akitoa amri, wala hawakuonja chumvi ya posho. SNEL ikikata, barabara ikivunjika, mushahara ukikosekana miezi mitatu, mutu anasema: "Afazali bazungu barudie." Mwengine anaitika: "Wakati ya Union Minière njo tulikuwa batu." Na muki kuwa kwenye kilio, usiku, kandokando ya moto, wazee wanaanza kuhesabu: unga kilo ngapi, nyama, samaki, nguo za watoto wa masomo. Vijana wanasikiliza kinywa wazi, kama watu wanaohadisiwa juu ya paradiso.

Hatuandiki hapa kwa kuwachekelea wazee. Hesabu yao ni ya kweli, na mutu aliyekula vizuri ana haki ya kukumbuka alivyokula. Tunauliza tu nusu ingine ya hesabu iko wapi. Maana zamani ile ilikuwa na mikono miwili, na tukisimulia paka mukono uliotoa posho, watoto wetu watafikiri haukukuwa na mukono mwengine.

Tuanze na posho, kwa sababu wote wanaanza na posho.

Union Minière ilizaliwa mu 1906, muji wetu mu 1910, mwaka uleule reli ilifika hapa kutoka Rhodesia. Miaka ya kwanza haikuwa ya kumutamani mutu. Watu waliletwa kutoka vijiji vya mbali, wengine kwa kudanganywa, wengine kwa nguvu za chifu aliyesukumwa na administrateur. Walilala katika vibanda, wakaugua kifua na tumbo, wakafa wengi. Wengine walikimbia usiku. Kampuni iliona kwamba hasara ni yake: kila mutu aliyekufa ao aliyekimbia, ilibidi kumutafuta mwengine, na kumutafuta kuligharimu makuta. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo ilibadili njia. Ilitoa mukataba wa miaka mitatu, ikamuruhusu mufanyakazi alete bibi yake, ikajenga kambi za nyumba nzuri, lopitali, maternite, masomo yaliyoongozwa na mapadri na masista, uwanja wa mupira, fanfare. Kila juma mufanyakazi alipokea chakula kulingana na hesabu ya watu wa nyumba yake: unga ya bukari, nyama ao samaki, mafuta ya ngazi, maharagwe, chumvi. Nyumba ilikuwa ya kampuni, maji ya kampuni, monganga wa kampuni, mpaka na sanduku la maiti. Njo maana watu walisema kazi ni baba na mama. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Université ya Lubumbashi, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mu 2001, na jina la kitabu chake kwa Kifaransa linawaita Bana Shaba watoto walioachwa na baba yao.

Basi, tuseme kampuni ilikuwa baba. Baba wa namna gani?

Baba huyu alimuweka katika kila kambi mukubwa wa kambi, muzungu, pamoja na polisi wake. Walitazama kama nyumba ni safi, kama kuna mugeni aliyelala bila ruhusa, kama mutoto amekosa masomo. Muzee wa miaka 50, mwenye wajukuu, alisimama mbele ya kijana wa Ulaya wa miaka 25 na kueleza kwa nini mudogo wake kutoka Kamina amekuja kumusalimu na atarudi siku gani. Aliyekosa kazi alikatwa posho. Aliyefukuzwa kazi alifukuzwa nyumbani pia, yeye, bibi na watoto, maana nyumba ilikuwa sehemu ya kazi. Kwa kuhama kutoka eneo lako kwenda lingine ulihitaji karatasi, passeport de mutation. Ukikamatwa bila karatasi, gereza. Hatusemi kwamba kambi nzima ilikuwa gereza. Watu walioana humo, walicheza mupira, walianzisha vikundi vya muziki, walizeeka. Lakini ile "discipline" tunayoisifu leo, tukisema "zamani hakukuwa na ovyo", ilikuwa na mutu wa kuishika, na mutu yule alikuwa na fimbo.

Na wakati watoto walipodai kuongezewa, baba alifanya nini? Hapa tutakawia, kwa sababu ni hadisi inayopaswa kuwa ya kwanza mujini mwetu, na ni ya mwisho.

Ilikuwa mu 1941. Ulaya ilikuwa katika vita, Ubeleji yenyewe ilikuwa chini ya Wadachi, na shaba ya Katanga ilitakiwa sana na Waingereza na marafiki zao. Kazi iliongezeka, bei za vitu sokoni zilipanda, mushahara wa mufanyakazi mweusi ulibaki nyuma. Wafanyakazi wazungu ndio walianza kunungunika na kudai, na wao walisikilizwa. Weusi hawakukuwa na haki ya syndicat. Walingoja mpaka 1946 ndipo sheria iliwaruhusu, na tena kwa masharti mengi. Mwanzo wa desemba watu wa Likasi, iliyoitwa Jadotville, na wa hapa Elisabethville waliacha kazi. Tarehe 9 desemba walikusanyika kwenye uwanja wa mupira. Gouverneur wa Katanga, Amour Maron, alifika na askari. Watu waliambiwa warudi kazini. Walikataa mpaka wajibiwe juu ya mushahara. Askari walipiga bunduki. Makumi ya watu walianguka pale, na kati yao Léonard Mpoyo, aliyesema kwa ajili ya wenzake. Hesabu ya serikali na hesabu ya kambi hazikupatana hata siku moja. Hadisi iliyobaki kwa watu inasema kwamba gouverneur mwenyewe ndiye alimupiga Mpoyo kwa mukono wake.

Wafanyakazi wale hawakuomba dipanda. Hawakuomba kumufukuza muzungu. Waliomba pesa ya kununua nguo na chakula, kitu ambacho leo tunasema "zamani hakikukosekana".

Ndugu musomaji, fikiri vizuri juu ya tarehe. Mengi ya mazuri ambayo wazee wanahadisia, nyumba kubwa zaidi, masomo ya ufundi, mashine ya kushona kwa mama, baiskeli kwa baba, ni ya miaka ya kisha vita, ya miaka ya 1950. Ni mazuri yaliyokuja kisha damu ya 1941. Kampuni iliogopa. Mutu anayesema "bazungu balitupatia" anamusahau Mpoyo, aliyedai. Na tarehe 9 desemba haiko katika siku zetu za mapumziko. Inapita kila mwaka kama siku ya soko.

Tena kuna ulizo ambalo kwenye kilio hakuna anayeliuliza: unga ya posho ilitoka wapi? Haikuanguka kutoka mbinguni. Ilitoka kwa wakulima wa vijiji, na wengi wao walilima kwa kulazimishwa, wakauza kwa bei iliyopangwa na wengine. Tangu 1917 mwanakijiji aliweza kulazimishwa kulima pamba ao chakula cha kuuza. Ilikuwa siku 60 kwa mwaka za kazi ya lazima. Mu vita zikapanda mpaka 120. Asiyetimiza alifungwa, na katika gereza fimbo ilimungojea. Kwa hiyo mutoto wa kambi aliyeshiba bukari, alishiba jasho la mutoto wa kijiji ambaye baba yake alichapwa. Wote wawili walikuwa Wakongomani, wakati uleule, chini ya bendera ileile. Lakini mumoja alipata wajukuu mujini wa kuwahadisia, na mwengine alibaki kule, na hadisi yake haikufika kwenye gazeti. Njo vile kumbukumbu inafanya uchaguzi: anayesimulia ni yule aliyekaa karibu na sahani.

Mujini mwenyewe, tunatembea kila siku juu ya mupaka wa zamani bila kuuona. Kati ya muji wa wazungu na Kamalondo, iliyoitwa commune Albert, waliacha nafasi tupu ya mamia ya metre. Walisema ni kwa sababu ya mbu: eti mbu aliyemuuma mweusi asiweze kuruka mpaka kwa muzungu. Lakini boyi, aliyepika chakula na kubeba mutoto wa muzungu mgongoni, alivuka nafasi ile kila asubui, na hakuna aliyeogopa mbu wake. Usiku ulipoingia ilibidi arudi upande wake, ao awe na karatasi ya bwana wake. Kulikuwa na lopitali ya wazungu na lopitali ya weusi, masomo ya wazungu na masomo ya weusi. Mwanaume mwenye mvi aliitwa boyi mpaka kifo chake, na siku muzungu aliamka vibaya, alimuita macaque.

Mu 1965, miaka mitano tu kisha dipanda, maboyi wa zamani wa muji huu waliandikisha historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa mukono wa mutu aliyeitwa André Yav. Ni kitabu kidogo cha mashine ya kuandika, chenye jina la Vocabulaire. Wajuzi wa Ulaya na Marekani wamekisoma, wamekitafsiri, wamekifundisha. Sisi, wenye luga yenyewe, ni wangapi tumekisikia hata jina? Na tukiwa tunasema juu ya luga: chukua vitabu vya zamani vya kuwafundisha wazungu Kiswahili cha Katanga. Vimejaa amri. Leta, ondoa, fagia, nyamaza. Muzungu alijifunza luga yetu kwa kutuamuru, na tunashangaa kwamba leo mukubwa mweusi wa ofisi akikasirika anaacha Kifaransa na kumugombeza planton kwa Kiswahili kilekile.

Mutu atasema: lakini kulikuwa na evolue, waliosoma, walioheshimiwa. Ndiyo. Mu 1948 ilitokea karte ya mérite civique, mu 1952 immatriculation. Kwa kuipata, wakaguzi waliingia nyumbani mwako: walitazama kitanda, jiko, choo, walitaka kujua kama unakula na bibi yako kwenye meza moja, kwa uma na kisu. Mutu mukubwa, mwalimu ao karani, alifanya mutihani wa kuonyesha kwamba yeye ni mutu. Mpaka mwisho wa ukoloni, katika inchi ya watu zaidi ya milioni 13, waliopata immatriculation walikuwa mamia machache tu. Universite ya hapa ilifunguliwa mu 1956. Dipanda ilipofika, Wakongomani wenye diploma ya universite hawakufika hata 30. Tunapolia kwamba wakubwa wa kwanza walishindwa kuongoza inchi, tukumbuke pia nani alikataa wasifundishwe.

Wamama nao wana sehemu yao, na hiyo haihadisiwi kabisa. Katika muji wa zamani, mwanamke aliyeishi peke yake, bila mume, alilipishwa kodi yake ya pekee kila mwaka, na maneno ya administration yalimuweka karibu na kahaba, hata kama aliuza maandazi ao alikuwa mujane. Na watoto waliozaliwa na baba muzungu na mama mweusi, wengi walinyanganywa mama zao na kupelekwa kwa misioni za mbali, kwa sababu serikali iliogopa rangi yao. Waziri wa kwanza wa Ubeleji aliomba radhi juu yao mu aprili 2019. Tarehe 2 desemba 2024, korti ya rufaa ya Bruxelles ilihukumu kwamba serikali ya Ubeleji ilitenda uhalifu juu ya ubinadamu katika jambo la wamama watano, walionyanganywa wakiwa watoto na kuwekwa katika misioni ya Katende, ku Kasai. Wamama wale walingoja zaidi ya miaka 70. Ikiwa korti ya Wabeleji wenyewe inaita kitu hiki uhalifu, sisi kwa nini tunakiita "wakati muzuri"?

Hata gereza letu lina hadisi. Simon Kimbangu aliyehukumiwa kufa mu 1921 kwa sababu ya kuhubiri na kuwaombea wagonjwa, kisha hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha, aliletwa hapa Elisabethville. Alikaa miaka 30. Alikufa hapa tarehe 12 oktoba 1951. Mu 1951 ile, mu kambi, fanfare ilikuwa inapiga na posho ilikuwa inagawiwa. Yote mawili ni kweli.

Sasa kitu kinachotushangaza ni hiki: kuna wakati Lubumbashi haikusahau. Mu miaka ya 1970, nyumba nyingi za muji huu, za wafanyakazi na za walimu, zilikuwa na picha ya rangi ukutani, iliyoitwa Colonie belge. Wote waliojua nyumba zile wanaikumbuka: bendera ya Ubeleji, mufungwa amelazwa chini anachapwa, askari mweusi ameshika fimbo, muzungu mwenye kofia anatazama, wamama wamesimama na chakula cha wafungwa. Wachoraji waliiuza kwa bei ndogo, mutu akaitundika salon, juu ya kiti ambapo wageni wanakaa. Mumoja wa wachoraji wale, Tshibumba Kanda Matulu, alichora mu 1973 na 1974 historia nzima ya inchi, picha zaidi ya mia moja, na kati yake wafia-kazi wa Union Minière. Alipotea mwanzoni mwa miaka ya 1980, hakuonekana tena. Picha zake sasa ziko Ulaya. Na ukutani kwetu, pale Colonie belge ilipokuwa, tumetundika televizio.

Kwa nini picha ile ilishuka? Hatufikiri ni kwa sababu watu walipenda fimbo. Ni kwa sababu Gécamines ilianguka. Kampuni ile, iliyorithi Union Minière tangu 1967, ilikuwa bado inatoa tani zaidi ya 400.000 za shaba katika miaka ya 1980. Mu septemba 1990 muchimbo wa Kamoto ulibomoka, makuta yalikuwa yameliwa miaka mingi, na mu 1993 tani hazikufika hata sehemu ya tano ya zile. Posho ilisimama. Mu 2003, kwa mupango wa Banque mondiale, wafanyakazi 10.655 waliondolewa mara moja, wengine wakiwa na miaka 30 ya kazi, na kile walichopewa hakikulingana na deni la kampuni. Kwa jina waliitwa "walioondoka kwa mapenzi yao". Baba wengine walikaa nyumbani bila kazi, mama akaenda kuuza mukaa na makala ya sabuni, watoto wakaenda kwenye michimbo kubeba mifuko.

Mutu aliyepita pale, akisema "wakati wa Union Minière", hamusifu Mubeleji. Anamushitaki mukubwa wa leo. Anasema: hata yule aliyetudharau alitulisha, na wewe ndugu yetu unatudharau na njaa juu yake. Mashitaki haya ni ya haki, na tungependa yasemwe wazi, kwa majina na kwa tarehe, mbele ya wale wanaopita na magari ya vioo vyeusi. Lakini yakisemwa kwa kupitia ukoloni, mukubwa hasumbuki. Anaweza hata kucheka na kuitika: "Ni kweli, muzee, zamani ilikuwa muzuri." Na mutoto aliyesikiliza kando anajifunza kitu kingine kabisa, kwamba mweusi hawezi kula bila bwana.

Tena kuna hatari iliyo karibu zaidi, na juu yake tunaomba musomaji avumilie, maana inauma.

Ile zamani muzuri ilikuwa na daftari, na katika daftari kila mutu alikuwa na kabila lake. Kampuni ilichagua: kabila hili ni hodari kwa mashine, lile ni la koleo, lile lingine ni la uvivu. Iliwaleta watu wengi wa Kasai, ikawasifu mbele ya wenyeji, kisha wenyeji wakaambiwa wametawaliwa na wageni. Mu desemba 1957, katika uchaguzi wa kwanza wa komine, viti vya wakubwa wa komine za weusi hapa Elisabethville vilikamatwa na watu wenye asili ya nje ya Katanga. Mwaka uliofuata Conakat ilizaliwa. Mu 1961 makumi ya maelfu ya Baluba walikimbilia kambi ya ONU kandokando ya muji huu, wakiogopa majirani. Na mu 1992 na 1993, wakati Gécamines ilikuwa inakufa na watu walianza kwa nguvu kuota "Katanga yetu ya zamani", majirani waliambiwa kwamba shida yote inatoka kwa Wakasai. Waliitwa bilulu, wadudu. Ku Likasi na ku Kolwezi walifukuzwa nyumbani, walilala miezi kwenye stesheni, walikufa kwa kipindupindu na njaa wakingoja treni, wengine walikufa ndani ya treni na kuzikwa kando ya reli. Walikuwa mamia ya maelfu. Wengi walizaliwa hapahapa, watoto na wajukuu wa wale Union Minière ilikuwa imewaleta kwa mukataba wa miaka mitatu.

Hatusemi muzee anayekumbuka posho ndiye aliyefukuza watu. Hapana. Tunasema ndoto ya zamani safi, yenye utaratibu, isiyo na wageni, ilipewa watu wenye njaa, na walifanya nayo walichofanya. Zamani ile haikuwa safi. Union Minière yenyewe ndiyo ilichanganya watu, na ndiyo iliwapanga mustari kwa kabila.

Mambo haya hayaanzi wala hayaishi na Wabeleji. Leo kuna wanaomulilia Mobutu: "Wakati ya Mobutu kulikuwa amani." Amani? Waulize waliokuwa wanafunzi ku campus ya Lubumbashi usiku wa 11 mei 1990, wenye kufunga mulango na kusikia viatu mu couloir. Juu ya hao tutaandika siku ingine, kwa kirefu. Hadisi yao haitoshi mistari mitatu.

Kwa sasa tunarudi kwenye kilio, kwenye moto. Muzee aliyekuwa na miaka 15 siku ya dipanda, leo amepita 80. Nafasi ya kumuuliza ni ndogo. Vijana, musimukatize akihesabu posho. Mwache ahesabu mpaka mwisho, amefika nayo mbali. Kisha, taratibu, kwa heshima, mumuulize: Baba, saa ngapi mulipaswa kurudi kambini? Mukubwa wa kambi alikuita kwa jina gani? Mu 1941 baba yako alikuwa wapi? Shangazi yako wa kijijini alilima nini, na kwa ajili ya nani? Wengine watanyamaza. Wengine watacheka na kusema "ee, ile fimbo, weye acha tu", na mutasikia hadisi ambazo watoto wao wenyewe hawajasikia.

Na kama kilio kiko katika nyumba moja ya kambi za zamani, ku Likasi ao ku Kolwezi, zile nyumba za matofali zenye muembe mbele ya baraza, muulizeni pia nani aliupanda ule muembe, na familia iliyolala humo mbele ya 1992 iko wapi.